A yenye matengo: ninavyochora fonti ya mabango

Ukitaka kuipima fonti ya mabango, usiandike alfabeti. Kwenye alfabeti kila herufi imesimama kivyake, haina jirani wa kugombana naye, kwa hiyo hata fonti mbovu hupendeza. Andika SAMAKI WA KUKAANGA. Maneno haya utayakuta kwenye vibao vya migahawa ya hapa Tanga, na katika herufi zake 16, A ni 6. A ikiwa na kasoro, mteja ataiona mara sita kabla hajauliza bei.

Kazi inayonilisha ni kutengeneza mabango, nembo na kadi za harusi. Usiku nachora fonti zangu mwenyewe, ambazo hakuna aliyeziagiza. Sizungumzii fonti za vitabu. Hizo kazi yake ni kujificha ili msomaji azame kwenye habari. Fonti ya bango inabeba maneno matatu manne, makubwa, yanayosomwa na mtu anayepita, kwa hiyo ina ruhusa ya kucheza, na ruhusa hiyo haikuanza leo. Mwaka 1821 kiwanda cha herufi cha Caslon, London, kilitoa herufi zilizogeuzwa: palipozoeleka unene pakawekwa wembamba, na palipozoeleka wembamba pakawekwa unene. Mwaka 1989 Waholanzi wawili, Just van Rossum na Erik van Blokland, wakatengeneza Beowolf, fonti ambayo kingo za herufi zake zilivurugika upya kila ilipochapwa, hata A mbili za neno moja zisifanane. Nazipenda sana kazi hizi kwa sababu kila moja ina wazo moja tu, na wazo hilo limeshikiliwa mpaka mwisho. Fonti yenye mawazo matano kwangu ni fujo, hata kila wazo likiwa zuri.

Wazo la fonti ninayochora sasa nimelitoa Sahare, kwenye ngalawa zilizovutwa ufukweni. Ngalawa ina miti inayoikatiza juu na kutokeza pande zote mbili kwenda kushika matengo, zile mbao za pembeni zinazoizuia isipinduke. Nikaipa A mti huo: kijiti chake cha katikati hakiishii kwenye miguu, kinatoka nje kushoto na kulia. H, E na F zinaifuata kwa kiasi, lakini mwenye fonti ni A.

Natumia FontForge, programu ya bure, na kila herufi naichora ndani ya mraba wa uniti 1000. Kimo cha herufi kubwa ni 700. Kijiti cha A nimekishusha mpaka 210, na kila upande kinatokeza uniti 150 kutoka kwenye mguu. Ncha ya A naipandisha kidogo juu ya 700, kwa sababu jicho huiona ncha kali kuwa fupi kuliko ubapa wa T, hata vipimo vikilingana. O nayo lazima ivuke kidogo juu na chini, la sivyo itaonekana imesinyaa.

Sasa ndipo kazi inapoanza. Kijiti kinachotokeza kitamgonga jirani, na katika Kiswahili A haikai mbali na A nyingine. Unaweza kutawanya herufi ili zisigusane, lakini neno linavunjika na mtu anabaki kusoma herufi moja moja. Unaweza kukata kijiti kila kinapogonga, lakini KUKAANGA itabaki na tengo moja tu, la mwisho wa neno, na wazo lenyewe litakuwa limekufa.

Jibu nimelipata kwenye silabi. Silabi zetu nyingi ni konsonanti kisha irabu: sa, ma, ki. Basi kijiti cha kushoto kinaruhusiwa kuigusa konsonanti iliyotangulia na kushikamana nayo kabisa, bila mwanya. Cha kulia kinaishia hewani, na kati yake na herufi inayofuata naacha uniti 40. SAMAKI inajifunga yenyewe: SA imeshikana, MA imeshikana, halafu KI. Jicho linaokota silabi badala ya herufi. Hili ndilo jambo linalonifurahisha kuliko yote katika fonti hii, kwamba mchezo wenyewe unamsaidia msomaji.

Zikikutana A mbili, nazichora kama umbo moja, kijiti kimoja kikipita katika zote mbili. SAA, KAA, TAA, MAANDAZI, zote zinapata mti mmoja mrefu. Kwenye WA, mkono wa W na mguu wa A hulala sambamba na kuacha uwazi wa mshazari, na desturi ni kuzisukuma herufi zikaribiane. Mimi sizisukumi. Kijiti kinauziba uwazi huo, na WA inakaa vizuri kuliko kwenye fonti nyingi ninazozijua. LA na TA ndizo zinazokataa. Kijiti kikipita juu ya mguu wa L kinaacha mwanya mwembamba ambao kwenye fulana huzibwa na wino; kwenye TA kingelazimika kusafiri mbali mno mpaka kwenye nguzo. Hapo nakifupisha.

Mabadiliko haya mwandishi hayafanyi kwa mkono. Yamo ndani ya fonti kama kanuni: ukiona L kabla ya A, weka A ile nyingine. Inkscape, programu ya kuchorea, inazitii kanuni hizi yenyewe. Kwenye Word inabidi uziwashe katika mipangilio ya fonti.

Jambo jingine ninalolipigania ni ritifaa ya NG'. Fonti nyingi za nje nilizotumia huiacha ikielea katikati ya G na O, na NG'OMBE inasomeka kama maneno mawili. Ile alama ni sehemu ya sauti, kwa hiyo naichora fupi na kuisogeza mpaka ikae juu ya bega la G.

Kiswahili kina zawadi pia. Maneno yetu karibu yote huishia na irabu, hivyo ukitaka madoido ya mwisho wa neno, mkia au mkunjo, unahitaji kuyachora kwenye herufi tano tu. Q na X hatuzihitaji, na C hatuiandiki bila H. Lakini kuna akina Alex, na kuna barua pepe, kwa hiyo lazima ziwemo. Kwa kuwa hutumika kwa nadra, humo najiachia: X yangu ni miti miwili iliyofungwa kamba katikati.

Tarakimu sizichezei. Namba ya simu kwenye bango hunakiliwa na mtu aliye juu ya bodaboda, na akikosea moja, biashara imempoteza. Zote 10 nimezipa upana mmoja, hazina matengo. 1 ina kikofia na kitako ili isichanganywe na I wala 7, na 0 ni nyembamba kuliko O kiasi cha kutambulika kutoka ng'ambo ya barabara.