Mmea wa ukingo wa maji: maana yake, na namna airisi inavyotunzwa Dodoma

Mmea wa ukingo wa maji ni ule unaoota pale maji yanapokutana na nchi kavu. Mizizi yake imo kwenye tope, maji yanalifunika shina lake kidogo tu, na majani na maua yake yako hewani. Airisi, mimea ya maua yenye majani marefu kama upanga, zile zinazoitwa za majini, zimo katika kundi hili, na ni muhimu kulielewa hilo kabla mtu hajatoa hela yake kununua mche.

Mimea ya majini haifanani kimaisha. Yungiyungi hushika mizizi chini kabisa ya bwawa na kutandaza majani juu ya maji, kwa hiyo kina kirefu hakiusumbui. Gugumaji huelea, mizizi ikining'inia. Matete, mafunjo na magimbi ndiyo ya ukingoni. Aliyewahi kulima magimbi bondeni, au kupita Bahi wakati mpunga umesimama kwenye majaruba, ameshaiona dhana hii kwa macho hata kama hakuwahi kuipa jina. Airisi ikiwekwa katikati ya bwawa la bustani, kwenye kina cha nusu mita kana kwamba ni yungiyungi, majani huwa ya njano na shina huoza. Wengi husema maji ya Dodoma ndiyo yameiua, kumbe ni kina.

Sababu iko ndani ya jani. Udongo uliojaa maji hauna hewa ya kutosha, na mizizi ya mmea wa kawaida, mahindi kwa mfano, hukosa pumzi ikikaa humo siku kadhaa. Mmea wa ukingo una njia zake za kupitisha hewa. Kata jani la airisi ya njano karibu na kitako, au bua la jani la gimbi, ulitazame mkato wake kwenye mwanga: utaona vitundu vilivyopangana kama sega la nyuki. Hewa huingia kwenye majani yaliyo juu ya maji, hushuka kwa vitundu hivyo hadi kwenye mizizi iliyo topeni. Majani yakizama yote, njia hiyo inazibwa. Ndiyo maana mche mfupi uliotoka kugawanywa unapaswa kuanzia kwenye maji machache sana, kisha kushushwa taratibu kadiri majani yanavyorefuka.

Sehemu inayoishi miaka ni tunguu, yaani lile shina nene linalolala chini ya udongo na kutoa machipukizi pembeni. Kina cha maji hupimwa kutoka juu ya tunguu, si kutoka sakafu ya bwawa. Airisi ya njano ya Ulaya, Iris pseudacorus, inavumilia hata sentimita 25. Iris laevigata ya Asia ya mashariki hupenda kama sentimita 5 hadi 10, na inaweza kukaa majini mwaka mzima. Iris ensata, ile ya Japani yenye maua mapana, haikai majini mwaka mzima hata huko kwao: hupewa maji mengi inapokua na kuchanua, halafu huachwa kwenye udongo wenye unyevu tu. Isitoshe, haipendi chokaa. Kuna pia airisi za Louisiana, za mabonde yenye joto ya kusini mwa Marekani. Kwa maoni yangu hizi ndizo za kuanza nazo katika kanda yetu, kwa sababu hazitegemei baridi kali ili zichanue.

Tatizo la Dodoma ni kwamba ukingo wenyewe hautulii. Mvua ya mwaka ni kama milimita 550 hadi 600, na karibu yote inashuka kati ya Desemba na Aprili. Baada ya hapo ni jua na upepo mpaka Novemba. Bwawa likipungua milimita 6 kwa siku, kwa wiki moja limeshuka zaidi ya sentimita 4, na tunguu lililokuwa chini ya maji Jumatatu linaweza kuwa juani wiki inayofuata. Kwa hiyo nashauri airisi isipandwe moja kwa moja kwenye sakafu ya bwawa. Ipande kwenye beseni pana, beseni lenyewe ulisimamishe juu ya matofali ndani ya maji. Maji yakishuka, unatoa tofali moja, ukijaza, unalirudisha. Ukingo unauhamisha kwa mkono wako.

Udongo wa mfinyanzi, ule mzito wa mbugani unaopasuka kiangazi, unafaa sana humo. Usichanganye samadi mbichi, maana huoza na kuyafanya maji yawe ya kijani. Tunguu lizikwe kidogo tu, kisha tandaza kokoto juu ili udongo usitibuliwe na samaki. Samaki wenyewe ni wa lazima. Perege wachache watakula viluwiluwi vya mbu, na maji yaliyotuama karibu na nyumba bila samaki ni kuwafugia watoto malaria.

Chumvi nayo iangaliwe. Maji mengi ya visima vya huku yana chumvichumvi, na jua linapoyakausha chumvi haiondoki: hubaki na kujikusanya kila unapojazia. Ukiona utando mweupe kwenye ukingo wa beseni, usijazie tena juu yake. Punguza sehemu ya maji ya zamani kwanza, na kama umekinga mvua kwenye tangi, yatunze hayo kwa ajili ya airisi. Bwawa jipya la saruji lijazwe na kumwagwa mara kadhaa kabla ya kupanda, kwa sababu saruji mbichi hutoa chokaa.

Kila baada ya miaka mitatu au minne beseni hujaa na maua hupungua. Ng'oa fundo zima, kata vipande vya nje vyenye chipukizi na mizizi, fupisha majani, upande upya. Vaa glavu, kwani utomvu wake huwasha ngozi, na usiwaachie mbuzi mabaki: mmea huu ni sumu kwa mifugo.

Kwenye airisi ya njano nina msimamo mkali. Mbegu zake huelea na kusafiri na maji, na kipande cha tunguu kilichokatika huota kikipata tope. Afrika Kusini imeiweka kati ya mimea vamizi, na sisi tumeshaona gugumaji lilivyolifanya Ziwa Victoria. Kama uwanja wako unamwaga maji kwenye korongo linaloelekea Hombolo au bwawa lolote, chagua aina nyingine. Kama tayari unayo, kata vikonyo vya maua mara tu yanaponyauka, kabla hayajafunga mbegu, na mabaki ya tunguu yaanike juu ya saruji hadi yakauke kabisa ndipo uyachome.