Je, wajua kwa nini injini ya Jumo 222 haikuingia vitani?

Mwaka 1937, mhandisi Ferdinand Brandner na wenzake katika kiwanda cha Junkers mjini Dessau, Ujerumani, walianza kuchora injini ya ndege ya pistoni itakayotoa nguvu za farasi 2,000 na zaidi. Injini zilizotegemewa wakati huo, za silinda 12 katika umbo la V, zilifikia karibu nusu ya hapo. Jumo 222 ilipewa silinda 24 zilizopozwa kwa kimiminika, zenye ujazo wa lita 46.4, na baadaye ikalengwa kutoa nguvu za farasi 2,500. Kwa nini basi haikupata kazi katika Vita vya Pili vya Dunia?

Tuanze na krenkishafti, ule mhimili wenye viwiko unaopokea msukumo wa pistoni na kuugeuza kuwa mzunguko. Silinda 24 zikipangwa safu mbili tu, mhimili huo unakuwa mrefu mno, nao unajisokota na kutetema. Kampuni ya Napier ya Uingereza, kwenye injini yao ya Sabre, yenye silinda 24 vilevile, walifunga krenkishafti mbili. Brandner alitaka moja, tena fupi. Akapanga silinda safu sita, kila safu silinda nne, zikauzunguka mhimili kama miale ya nyota. Kwa fundi, ni mpango wa kupendeza kweli.

Shida ni kwamba kila kiwiko kati ya vinne kilibebeshwa pistoni 6. Konrodi moja, yaani fimbo inayounganisha pistoni na krenkishafti, ilishika kiwiko chenyewe, na nyingine tano zikashikizwa kwenye hiyo hiyo. Injini ikizunguka mara 3,200 kwa dakika, kila pistoni hupanda na kushuka zaidi ya mara 50 kwa sekunde moja. Mzigo wote wa pistoni sita uliishia kwenye beringi moja, kikalio ambacho kiwiko huzungukia ndani yake, ambayo kinga yake ni utando mwembamba wa oili. Utando ukikatika, chuma kinasaga chuma, injini inanoki. Beringi ziliwatesa sana wahandisi wa Junkers, huku vita vikiwa vimeikausha Ujerumani metali muhimu kama nikeli.

Injini iliwashwa kwa mara ya kwanza mwaka 1939. Ndege mpya ya mabomu, Junkers Ju 288, ilisanifiwa kwa kuitegemea, lakini za kwanza zililazimika kuruka na injini za BMW 801. Mradi wa ndege hizo ulifutwa mwaka 1943. Jumla zilitengenezwa Jumo 222 zipatazo 289, na hakuna kikosi kilichopigana nazo.

Naona si haki kumwita Brandner mtu aliyeshindwa. Baada ya vita alichukuliwa na Wasovieti, akaongoza Wajerumani na Waaustria waliofanya kazi kwenye injini ya turbini iliyokuja kuwa NK-12, inayozungusha mapanga ya ndege ya mabomu ya Urusi, Tupolev Tu-95, hadi leo.