Pingili ya kiuno imeteleza: usisubiri mguu ufe ganzi

Pingili kuteleza maana yake nini?
Pingili ni vifupa vya uti wa mgongo vilivyopangana, na kiuno kina 5. Moja ikisogea mbele ya iliyo chini yake, inaweza kubana mishipa ya fahamu. Kwa waliovuka miaka 50, hasa kina mama, mara nyingi ni ya 4 juu ya ya 5. Ukitembea miguu inawaka na kuwa mizito. Ukikaa au kuinama unapata nafuu.

Kila mwenye tatizo hili anapasuliwa?
Hapana. Wengi hutulia kwa dawa na mazoezi tiba.

Mchuaji anaweza kuirudisha?
Hapana. Narudia: hapana! Hairudi kwa kukandwa, kukanyagwa mgongo wala kuvutwa miguu. Mama mmoja alikuja na malengelenge unyayoni. Walimkanda kwa maji ya moto, na mguu ulishakufa ganzi, hakusikia kitu.

Lakini si upasuaji wa mgongo unapoozesha?
Neno hili ndilo linalotuletea wagonjwa wakiwa wamechelewa. Jirani anasema "utapooza", mgonjwa anakaa ndani mwaka mzima, anakuja kandambili inamvuka njiani bila yeye kujua. Anapasuliwa, mguu haurudi wote, mtaa unasema operesheni imemharibu. Jamani, mguu ulianza kufa nyumbani! Upasuaji una hatari zake: maambukizi, damu kuvuja, mshipa wa fahamu kujeruhiwa. Muulize daktari kabla ya kusaini. Ila mshipa uliobanwa muda mrefu nao unakufa, tena kimyakimya.

Wanafanya nini huko ndani?
Wanaondoa kinachobana, wanazifunga pingili mbili kwa skrubu na vyuma, wanapandikiza vipande vya mfupa ili ziungane. Kuungana huchukua miezi, wakati mwingine mwaka. Sigara inazuia mfupa kuunga, kwa hiyo acha. Na ndoo ya maji abebe mwingine.

Lini nisingoje hata kukuche?
Mkojo ukigoma, haja kubwa ikitoka bila kujijua, ganzi ikishika sehemu za siri na makalio, au miguu ikilegea ghafla. Hiyo ni dharura, saa zinahesabika. Usichome diklofenaki duka la dawa ukalala. Usiku huohuo nenda hospitali iliyo karibu, wakupe rufaa ya haraka kwenda kwa mabingwa, kama wale wa MOI, taasisi ya mifupa pale Muhimbili, Dar es Salaam. Ukifika mapokezi usiseme "kiuno kinauma" tu. Sema: "Sikojoi, na nikikaa sisikii kiti."