Ukiua Popo Humalizi Marburg

"Dokta, tupe sumu tuwamalize hawa popo." Wafugaji wa huku Ibanda, Uganda, huniambia hivyo kila Marburg, homa ya virusi inayoua watu, inapotajwa redioni. Nimechoka kulisikia ombi hilo.

Dhana: popo wakiisha, ugonjwa umeisha.

Tumeshajaribu hapa hapa kwetu, na matokeo tunayo. Mwaka 2007 wachimba madini wa mgodi wa Kitaka waliugua Marburg, na virusi vikapatikana kwa popo walao matunda waliojaa mgodini, wapatao 100,000. Mwaka uliofuata wachimbaji wakaziba midomo ya mgodi kwa matete na nyavu za samaki. Popo wakafa kwa maelfu, mizoga ikarundikwa msituni. Mwaka 2012 Marburg ikalipuka Ibanda, kama kilomita 20 kutoka mgodini. Watafiti waliporudi Kitaka walikuta popo wachache wamehamia tena, lakini walioambukizwa walikuwa asilimia 13.3. Kabla ya mauaji walikuwa asilimia 5.1.

Popo aliyepona hubaki na kinga. Ukiwaua hao, pango linajaa wageni na vijana wasio na kinga, na virusi vinapata njia nyeupe. Tena anayeshika mizoga kwa mikono mitupu ndiye wa kwanza kujiweka hatarini.

Basi mniache na sumu, mfanye haya: msiingie mapangoni, funikeni ndoo za maji, na embe au pera lenye alama za meno litupeni lote. Nimeona mama akikata upande ulioumwa na kumpa mtoto uliobaki. Jamani, hapana!

Dhana: popo hana faida.

Mvule mnaopigania mbao zake, mbegu zake husambazwa na popo. Hula tunda, huruka, hudondosha mbegu mbali na mti mama.

Dhana: magonjwa hutoka kwa wanyama kuja kwetu tu.

Mwaka 1996 gorila wa msitu wa Bwindi, hapa Uganda, walipata upele, na mtoto wao mmoja akafa. Daktari wa wanyamapori, Dkt. Gladys Kalema-Zikusoka, aliwatibu wengine wakapona. Chanzo kinachodhaniwa ni nguo chafu za watu, zile zinazovikwa vinyago vya kufukuzia wanyama shambani. Ndugu zangu mnaolima kando ya msitu, nguo kuukuu zichomeni, msizitundike shambani. Na mwenye mafua asiwakaribie gorila, hata kama ameshalipia safari.