Kununua simu ya upepo hakukupi masafa

Kila Aprili 18 wapenzi wa redio za ridhaa duniani hukumbuka siku umoja wao wa kimataifa ulipoundwa mjini Paris, mwaka 1925. Safari hii sisi tunaosimamia masafa ya redio Tanzania tumeona tuitumie siku hiyo kuzungumza na wananchi. Malalamiko ya masafa kuingiliwa yanaongezeka, na mengi tukiyafuatilia yanaishia kwenye kifaa kilekile: wokitoki, yaani simu ya upepo ya mkononi, ya wati 5 iliyoagizwa mtandaoni, haina leseni, na mwenye nayo anaamini kwa dhati kwamba hajakosa lolote.

Ridhaa hapa ni ileile ya ngumi za ridhaa. Bondia wa ridhaa halipwi, lakini hapandi ulingoni bila kupimwa, wala bila mwamuzi. Kanuni za kimataifa zinaitambua huduma hii kuwa ni ya kujifunza, kuwasiliana na kufanya majaribio ya kiufundi kwa hamu ya mtu binafsi, pasipo maslahi ya fedha. Kwa hiyo kampuni ya ulinzi, madereva wa watalii na waongoza misafara ya harusi hawamo. Hao wana leseni za mawasiliano binafsi na hupangiwa masafa yao. Wala hii si redio jamii. Swali la kama leseni hii inaruhusu kupigia mtaa muziki tumelijibu mara nyingi mno: hairuhusu.

Tatizo la wokitoki hizi ni kwamba zinafikia masafa mengi kuliko yaliyoruhusiwa. Nyingi hurusha kuanzia megahezi 136 hadi 174, wakati sehemu ya ridhaa humo, kwa kanda yetu ya Afrika na Ulaya, ni 144 hadi 146 tu. Kifaa hakitakuzuia kutoka nje ya hapo. Ukibonyeza kwenye 156.8 umeingia chaneli 16, ambayo vyombo vya baharini huisikiliza kwa ajili ya wito wa dharura. Nahodha aliye katikati ya Dar es Salaam na Unguja hawezi kujua kwamba sauti iliyomfunika mwenzake anayezama ni ya mlinzi wa ghala anayeuliza zamu. Na tafadhali, “mbona zinauzwa Kariakoo” si utetezi. Muuzaji amekuuzia plastiki na betri, hana masafa ya kukuuzia.

Leseni ya ridhaa hufuata mtu na uwezo wake. Unapoomba, ambatisha kitambulisho, uthibitisho wa umahiri wako, na orodha ya vifaa ikionyesha aina, namba ya utambulisho, nguvu kwa wati na masafa vinayofikia. Andika kituo kitakuwa wapi hasa. “Mbezi” peke yake haitoshi. Mgeni aambatishe pia nakala ya leseni ya kwao ambayo haijaisha muda. Asikutishe mtu kwa habari ya Morse, ile lugha ya nukta na vistari: tangu mwaka 2003 kanuni za kimataifa haziilazimishi tena, kila nchi inajiamulia. Anayerusha bila leseni anakabiliwa na Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010, ambayo adhabu yake ni faini, kifungo, au vyote viwili. Kumwazima jirani kifaa arushe kwa jina lako hakumpi jirani leseni. Kunakuingiza wewe kwenye shauri lake.

Ukipewa leseni utapata alama ya mwito, yaani herufi na namba zinazokutambulisha hewani. Zetu huanza na 5H au 5I, za Kenya ni 5Y na 5Z, za Uganda 5X. Waliorusha enzi za ukoloni walitumia VQ3 Tanganyika na VQ1 Zanzibar. Itaje mara kwa mara unapozungumza. Usifiche maana ya maneno kwa msimbo, na usimpelekee mtu wa tatu ujumbe wake nje ya nchi, isipokuwa wakati wa maafa.

Baada ya hapo, raha yenyewe. Wengi hutumia fedha zote kwenye redio ya wati 100 kisha hufunga antena ya kubahatisha, wakati antena nzuri ni waya wa shaba, kebo ya omu 50 na minazi miwili. Gawanya 143 kwa megahezi zako, utapata urefu wa waya wote kwa mita. Kwa 7.1 ni mita 20.1, yaani kumi na kidogo kila upande wa kebo, ambayo huungwa katikati ya waya. Acha ziada, pandisha juu, kisha kata kidogo kidogo huku ukipima uwiano wa mawimbi (SWR), unaoonyesha nguvu inayorudishwa na antena, mpaka ushuke chini ya 1.5. Usiulaze waya juu ya bati. Kaa mbali na nyaya za umeme kiasi kwamba hata mlingoti ukianguka hauzifikii, na ngurumo zikianza chomoa kebo.

Jambo moja wenzetu wa Ulaya wanatuonea wivu. Satelaiti ya Qatar, Es'hail-2, iliyorushwa Novemba 2018, imebeba mtambo wa kupokea na kurusha tena mawasiliano ya redio za ridhaa, uitwao QO-100. Ipo nyuzi 26 mashariki, juu ya ikweta. Wao huinamisha dishi kuitafuta. Aliyeko Dodoma analitazamisha karibu juu kichwani.

Kama tayari una wokitoki nyumbani, acha kurusha leo. Nakili aina na namba yake, kisha amua: ikiwa ni ya kazi, omba leseni ya mawasiliano binafsi; ikiwa ni ya kujifunza, omba ya ridhaa. Ukaguzi ukikukuta na stakabadhi ya maombi, stakabadhi hiyo inaonyesha nia njema, lakini si ruhusa ya kurusha. Ruhusa ni leseni yenye jina lako na alama yako ya mwito.