Je, wajua? Samaki wa Msimbati mtambue kwa mdomo kabla ya rangi

Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000 mkoani Mtwara, ina aina zaidi ya 400 za samaki. Mzamiaji mgeni akishuka kwenye miamba ya Msimbati au Ruvula hukariri rangi: wa njano mwenye mistari, wa kijani, mweusi mwenye duara jeupe. Akipanda juu na kufungua kitabu cha samaki, nusu yao hawaoni. Kwa nini?

Kwanza, maji humeza mwanga mwekundu kabla ya rangi nyingine. Ukifika mita 10 hivi, wekundu karibu wote umekwisha. Wale samaki wekundu wenye macho makubwa wanaojibanza mapangoni mchana utawaona kijivu au weusi. Hata damu ya kidole kilichokwaruzwa na matumbawe kwenye mita 20 huonekana ya kijani. Tochi hurudisha rangi, ila isogeze karibu, mita moja au pungufu. Ukimulika kwa mbali, maji humeza wekundu wa tochi nao, ukienda na ukirudi.

Pili, umri. Kitatange mkubwa wa mistari ya njano na buluu, akiwa mtoto, ni wa buluu iliyoiva karibu na weusi, mwenye duara jeupe juu ya duara jeupe. Ukiwaweka pamoja utaapa ni aina mbili.

Tatu, jinsia. Pono wengi huanza maisha wakiwa majike wa kahawia au wekundu hafifu. Baadaye baadhi yao hugeuka madume, wakavaa kijani na buluu kali. Kwa hiyo lile kundi la pono wa kahawia lenye mmoja wa kijani katikati huenda ni aina moja tu.

Mdomo haudanganyi kiasi hicho, kwa sababu ndicho chombo cha kazi. Aina nyingi hukaa kwenye mwamba mmoja kwa sehemu kwa kuwa hazili kitu kimoja kwa namna moja wala kwa saa moja. Pono meno yake yameungana yakawa kama mdomo wa kasuku. Anakwangua mwani juu ya mawe ya matumbawe, na kooni ana meno mengine ya kusaga. Nyamaza kidogo, ukipumua taratibu: utamsikia akikwangua kabla hujamwona. Anachokitoa nyuma ni mchanga mweupe, na si mdogo.

Mkundaji ana ndevu mbili kidevuni. Anazipekecha mchangani kutafuta kaa wadogo na minyoo, huku samaki wengine wakimfuata waokote kinachofumka. Chewa ana kinywa kipana kuliko kichwa kinavyoonyesha. Hakimbizi, anajificha chini ya ukingo wa mwamba, kisha anafungua kinywa ghafla na maji yanaingia na samaki wake. Wale bapa wadogo wa njano wanaotembea wawiliwawili wana mdomo uliochongoka. Baadhi yao hula vijinyama vya matumbawe hai tu, basi wakikosekana mahali, angalia kwanza kama matumbawe hayo bado yako hai. Kangaja na puju wote wana midomo midogo ya kula mwani, kwa hiyo kwao usiishie mdomoni: tazama shina la mkia, wanakobeba visu. Kisu cha kangaja hukunjuka kama cha mfukoni. Vya puju havikunjiki.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa samaki mwembamba, urefu wa kidole, mwenye mstari mweusi ubavuni. Huyu ni msafishaji: chewa na changu husimama tuli, wakafungua vinywa, naye akawatoa wadudu. Karibu naye huishi mwigaji mwenye umbo na mstari uleule, ambaye hunyofoa kipande cha pezi akakimbia. Rangi haikusaidii hata kidogo. Msafishaji mdomo wake uko nchani kabisa mwa uso. Mwigaji mdomo wake uko chini ya pua.

Saa ya kuzamia nayo hubadilisha orodha. Ghuba ya Mnazi ina mkondo mkali maji yanapoingia na kutoka, hasa wakati wa bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Chagua siku za maji mafu, yanapopanda na kushuka kidogo, uingie saa moja hivi kabla maji hayajajaa kabisa: wakati huo maji safi ya bahari kuu ndiyo yanayoingia. Yanapokupwa huja na tope la mikoko, na samaki wadogo utawakosa hata wakiwa mbele ya miwani.

Mmoja tu usimsogelee kumkagua mdomo: kikande mkubwa anayelinda mayai. Meno yake huvunja urumba na kome, na kidole chako si kigumu kuliko kome. Eneo analolinda ni kama faneli, jembamba chini na pana juu, kwa hiyo ukikimbilia juu bado umo ndani mwake. Akisimamisha mwiba wa mgongoni na kukuelekea, ogelea kwa ubavu, karibu na chini, mapezi ya miguuni yakimwelekea yeye, mpaka aache kukufuata.