Draiva ya printa: kazi yake, na makosa inayosingiziwa

Katika ofisi nyingi za Mbeya, printa ikigoma tu, wa kwanza kutuhumiwa ni draiva. Mwenye steshenari Mwanjelwa atakwambia draiva imekufa, karani wa ofisi ya kata atamweleza mtendaji hivyo hivyo, na fundi akiitwa ataifuta draiva na kuweka nyingine kabla hajaangalia hata kama waya umeingia sawasawa. Ikitokea printa imeamka, kila mtu anaridhika kwamba ugonjwa ulikuwa huo. Mara nyingi haukuwa huo. Kilichosaidia ni kule kuzima na kuwasha kulikofanyika katikati ya kazi.

Draiva ni programu inayokaa ndani ya kompyuta, na kazi yake ni kuchukua ukurasa unaouona kwenye skrini na kuugeuza kuwa maagizo yanayoeleweka na printa ya aina fulani. Printa nyingi za ofisini hazijui Word wala Excel. Barua yako yenye kichwa cha halmashauri na nembo katikati, kwao si barua. Wao wanangoja kuambiwa: vuta karatasi ya ukubwa huu kutoka trei ile, weka wino hapa, ruka hapa, rudia mara tano.

Maagizo hayo hayafanani kwa kila printa. HP wana PCL, lugha waliyoitoa miaka ya 1980 na ambayo watengenezaji wengine wengi waliiga. Adobe walitoa PostScript mwaka 1984, na mwaka uliofuata Apple wakaitumia kwenye printa yao ya LaserWriter. Epson wana ESC/P, iliyoanzia kwenye printa za utepe zile zinazopiga kelele. Canon, kwenye printa ndogo kama LBP2900, wana yao inayoitwa CAPT. Kwa hiyo draiva ya HP haiwezi kuisemesha LBP2900. Ni kama kumtuma Mhehe asiyejua Kinyakyusa apeleke habari kwa bibi wa Kyela ambaye naye hajui Kiswahili: bibi atamkaribisha vizuri, atampa ndizi, lakini habari haitafika.

Ipo dalili moja ambayo hapo kweli unaweza kuilaumu draiva. Unabofya kuprinti ukurasa mmoja, printa inatema karatasi mfululizo, na kila karatasi ina mstari au miwili ya herufi za ajabu juu, chini kweupe. Watu huwa wanakimbilia kuzima na kuzitupa hizo karatasi. Usizitupe, soma ule wa kwanza. Ukiona umeanza na @PJL, au na %!PS, hayo ndiyo maagizo yenyewe. Printa imeletewa amri kwa lugha isiyoijua, ikadhani ni maandishi ya kawaida, ikayaprinti kama yalivyo. Lakini hata hapo subiri kidogo. Umeme ukikatika katikati ya kazi na kurudi, printa inaweza kupokea kipande cha katikati bila mwanzo wake, ikatoa takataka zile zile. Zima printa, futa foleni, tuma upya. Zikirudi tena, draiva uliyoweka siyo ya printa hiyo.

Printa za bei nafuu zina jambo lake. Printa yenye PCL au PostScript ina uwezo wa kuupanga ukurasa yenyewe ikishapewa maagizo. Ndogo nyingi zinazouzwa kwa ajili ya meza moja hazina uwezo huo. Kompyuta inachora ukurasa wote, nukta kwa nukta, na printa kazi yake ni kuweka tona (ule unga wa wino) tu pale ilipoambiwa. HP LaserJet 1020, ambayo hadi leo utaikuta kwenye steshenari nyingi, imezidi hapo: haina hata programu yake ya kudumu ndani, inaipokea upya kutoka kwenye kompyuta kila inapowashwa. Printa za namna hii hazikubali draiva ya kufananishia. Printa yenye PCL unaweza kuipa draiva ya jumla ya PCL ikatoa kazi, labda bila vikorombwezo kama kuchagua trei. Hii nyingine ni draiva yake hasa au hakuna kitu.

Ndiyo maana mimi nikiulizwa na shule inayoprinti mitihani ya kidato cha pili hadi cha nne, nawaambia waangalie kwenye boksi kama kumeandikwa PCL au PostScript kabla hawajauliza bei ya tona. Mtengenezaji akiacha kutoa draiva kwa Windows mpya, printa yenye lugha inayojulikana bado itapata wa kuisemesha. Nyingine inabaki pambo juu ya kabati, ingali nzima.

Turudi kwenye makosa ya kusingiziwa. Kazi ya kuprinti inapita vituo kadhaa: inatoka kwenye programu, inapita kwa draiva, inaingia kwenye foleni, inatokea kwenye mlango (port, njia ambayo kompyuta inaitumia kuifikia printa), inasafiri kwa waya au mtandao, ndipo inafika kwenye printa. Inaweza kukwama popote. Njia ya haraka ya kugawa safari hiyo ni kuanzia mwisho. Printa nyingi ndogo za leza zina kitufe ambacho ukikishikilia sekunde kadhaa zinatoa ukurasa wa majaribio zenyewe, bila kompyuta. Ukurasa huo ukitoka na michirizi, au ukififia upande mmoja, tatizo ni tona au dramu, yaani silinda inayobeba picha ya ukurasa. Usipotoka kabisa, tatizo limo ndani ya mashine. Na Tukuyu na sehemu za Rungwe zenye mvua nyingi, rimu ikifunguliwa na kuachwa mezani inavuta unyevu, karatasi zinajikunja na kushikana, printa inavuta mbili mbili na kukwama. Nimeona watu wakipakua draiva kwa bando zima kwa sababu ya karatasi mbichi.

Ukurasa wa majaribio ukitoka safi, hamia kwenye foleni. Windows ina huduma inayoitwa Print Spooler, ambayo huzipokea kazi zote na kuzipanga. Kazi moja ikiharibika mbele, za nyuma yake zote zinasubiri, hata kama watu watano wametuma barua ishirini. Utaona ile ya kwanza imeandikwa "Deleting" na haifutiki. Hapa kufuta draiva ni kujichosha. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika services.msc, tafuta Print Spooler, isimamishe. Kisha fungua folda ya C:\Windows\System32\spool\PRINTERS, futa vilivyomo ndani, acha folda yenyewe, halafu rudi uianzishe ile huduma. Waliokuwa wametuma watume tena.

Mlango nao unasumbua kimya kimya. Mfagiaji akichomoa waya wa USB na kuurudisha kwenye tundu jingine, Windows inaweza kudhani imeletewa printa mpya. Ukiangalia orodha unakuta mbili zenye jina moja, ya pili ina "Copy 1" mwishoni. Ile ya zamani imefifia kwa sababu mlango wake hauna kitu, lakini ndiyo iliyowekwa kuwa ya kawaida, na kazi zote zinaelekea huko. Rudisha waya kwenye tundu lake au chagua hiyo ya pili. Kwa printa za mtandao kisa ni kingine: umeme ukikatika na kurudi, ruta inaweza kuipa printa anwani tofauti, wakati kompyuta zote bado zinapiga hodi kwenye anwani ya zamani. Ukurasa wa taarifa wa printa unaonyesha anwani ya sasa, ilinganishe na iliyo kwenye mlango. Dawa ya kudumu ni kuipangia printa anwani isiyobadilika. Kwa ofisi zetu ambako umeme una ratiba zake, hili si la kuahirisha.

Na kama ukibofya kuprinti kompyuta inakuuliza uhifadhi faili wapi, hakuna kilichoharibika. Umechagua Microsoft Print to PDF, au Windows imekuchagulia. Kwenye mipangilio ya printa kuna alama inayoruhusu Windows kubadilisha printa ya kawaida kulingana na uliyotumia mwisho. Mimi huiondoa kwenye kila kompyuta ya ofisi.

Kuna kosa jingine ambalo ni la draiva kweli, ila si la kuifuta. Mwalimu wa taaluma anapiga simu kutoka Mafinga: "Fundi, printa inawasha taa ya machungwa inaomba karatasi, na trei nimejaza mwenyewe."

"Mwalimu, nenda kwenye Printing Preferences, unisomee palipoandikwa Paper Size."

"Letter."

Basi, hapo ndipo penyewe. Letter ni karatasi ya Kimarekani, milimita 216 kwa 279. Sisi tunatumia A4, milimita 210 kwa 297. Kompyuta nyingi zikipigwa Windows huachwa kwenye mpangilio wa Marekani, na draiva ikiingia inafuata hapo hapo: inaagiza Letter. Printa inangoja karatasi ambayo hakuna duka la Mafinga wala Makambako linaloiuza. Ukibonyeza kitufe chake inakubali kwa shingo upande, inatoa moja, inagoma tena. Badilisha kuwa A4 kwenye draiva, na kwenye Word pia, maana waraka wenyewe unaweza kuwa umeandikwa kwa Letter.

Ikishathibitika kwamba unahitaji kuweka draiva upya, mambo ni machache. Jua Windows yako ni ya biti 32 au 64, kwa sababu draiva ya moja haiingii kwenye nyingine. Windows 11 ni ya 64 pekee, lakini kompyuta za zamani zenye Windows 10 au 7 zinaweza kuwa zozote. Andika jina kamili la printa pamoja na namba na herufi za mwisho. CD iliyokuja kwenye boksi isahau, laptopu za siku hizi hazina pa kuiingiza. Pakua kwenye tovuti ya mtengenezaji mwenyewe. Ukitafuta jina la printa pamoja na neno draiva, yanayotokea juu mara nyingi ni matangazo ya programu zinazodai kutafuta draiva zako zote kwa mpigo, na hizo zinaleta uchafu kuliko draiva. Mtengenezaji akikupa kifurushi kikubwa na kidogo, chukua kidogo. Kikubwa kina programu za picha na matangazo ya wino ambazo ofisi haizihitaji, na zinakula bando.

Kama printa ni ya USB, chomoa waya kabla hujaanza, uuchomeke pale utakapoambiwa. Ukiutanguliza, Windows inaweza kuiandikisha kama kifaa kisichojulikana, na hapo ndipo mafundi wengine hupoteza mchana.

Ofisi zenye printa moja iliyounganishwa kwenye kompyuta ya katibu muhtasi, na wengine wakaipata kupitia hapo, zilipata tabu ya pekee mwaka 2021. Liligundulika tundu la usalama kwenye spula ya Windows (ile ile Print Spooler), likaitwa PrintNightmare. Kuanzia Agosti mwaka huo Microsoft waliweka sharti kwamba anayeweka draiva kupitia mtandao awe na mamlaka ya msimamizi wa kompyuta, na baada ya masasisho ya Septemba ofisi nyingi zikaanza kuona kosa 0x0000011b, kompyuta ikishindwa kuunganishwa na printa iliyo kwenye kompyuta nyingine. Mitandaoni utaelekezwa kuzima ulinzi huo kwenye rejista, yaani hazina ya mipangilio ya ndani ya Windows. Sishauri. Kama printa ina tundu la mtandao, iunganishe moja kwa moja kwenye ruta na kila kompyuta iwekewe draiva yake. Katibu muhtasi akienda likizo na kuzima kompyuta yake, ofisi haitasimama.

Mwelekeo wa baadaye ni draiva kupungua. Septemba 2023 Microsoft walitangaza kwamba wataacha hatua kwa hatua kusambaza draiva za watengenezaji kupitia Windows Update, na kutegemea draiva yao moja ya jumla kwa printa zinazofuata utaratibu wa IPP (lugha ya pamoja ya kuprinti) na zenye cheti cha Mopria, umoja wa watengenezaji wa printa. Printa mpya nyingi zinafuata. Za zamani, yaani nyingi za zile tulizo nazo Nyanda za Juu Kusini, zitaendelea kutegemea faili la mtengenezaji, na mtengenezaji anaweza kuliondoa kwenye tovuti siku yoyote.

Kwa hiyo kabla kompyuta ya ofisi haijapigwa Windows upya, ichomeke flashi, tengeneza folda ndani yake, fungua dirisha la amri (Command Prompt) kama msimamizi na uandike pnputil /export-driver * ukifuatiwa na njia ya folda hiyo, mfano E:\draiva. Kwenye Windows 10 na 11 amri hiyo inanakili draiva zote za watengenezaji zilizomo. Andika na jina la mlango wa printa kwenye karatasi. Fundi akimaliza, zirudishe kwa pnputil /add-driver E:\draiva\*.inf /subdirs /install, uprinti ukurasa wa majaribio yeye akiwa bado ofisini.